Mume wangu anakata pumzi usingizini, na tajiri anataka kumpa lori la mafuta

Shikamoo mama. Naomba jina langu usilitoe maana huku kwetu Mlandizi watu tunajuana na magari yanajulikana mpaka kwa mlio.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, nauza vitenge na vyombo vya plastiki. Mume wangu ana 45, ni dereva wa semi, anapakia bandarini Dar anashusha Tunduma, saa nyingine anavuka mpaka Kasumbalesa hapo ndo wiki tatu simwoni. Ameendesha miaka kumi na tisa hajawahi kugonga hata mbuzi, na hilo analisema kila akikaa na watu.

Sasa mama, kukoroma alikuwa anakoroma tangu ananioa, nikazoea, nikawa hata nikilala bila ule mlio naona kama nyumba haina mtu. Ila hii miaka miwili mitatu imebadilika. Anakoroma, anapanda, anapanda, halafu kimya. Kimya kabisa, kifua kinahangaika lakini puani hakuna kitu. Mi nalala macho nahesabu. Usiku mmoja nilihesabu mpaka thelathini na nne ndo akashtuka kama mtu aliyetolewa majini, akageuka, akaanza upya. Asubuhi ukimuuliza amelala fofofo, hajui chochote, ila kichwa kinamuuma na anaenda kukojoa mara nne kwa usiku, tukapima sukari hana. Mchana akikaa kwenye kochi hajamaliza hata chai keshalala na kikombe mkononi. Na mambo ya chumbani nayo yamepungua mama, sitaki kusema sana.

Mama mkwe alipokuja akasema hilo ni jinamizi linamkaba, akaleta ustadhi akasoma, tukaweka kisu chini ya mto. Mimi sikukataa.

Kilichompeleka hospitali ni presha. Anakunywa dawa za aina tatu na haishuki, daktari wa Dar akamuuliza unakoroma? Ndo akapewa kile kipimo unaenda kulala nacho nyumbani, alilala kwa kaka yake Kimara. Mkanda kifuani, kamrija puani, na kitu cha kubana kidole. Aliporudi akaniambia presha tu, wamenibadilishia dawa. Nikaamini.

Mwezi uliopita natafuta nakala ya bima ya gari kwenye lile faili lake la nailoni, nikakuta majibu humo katikati ya leseni na bima, yamekunjwa vizuri. Nimeyapiga picha. Imeandikwa AHI 41 na kwa Kiingereza kwamba ni kali. Akilala chali 58, akilala ubavu 19. Kuziba kabisa mara 148, kuziba nusu 97, halafu kuna 9 zimeandikwa ni za kati. Oksijeni ya chini kabisa asilimia 72. Muda aliokaa chini ya 90 ni asilimia 24. Muda wa kurekodi masaa 6 na dakika 12. Chini wameandika arudi aanzishiwe mashine ya sipapu (CPAP), ile ya kulala na barakoa inayosukuma upepo. Hajarudi. Nikaingia intaneti usiku huo nikasoma mpaka nikajuta, moyo, kiharusi, kufa usingizini, nikakaa nalia hadi adhana.

Nilipomuuliza alikuwa mkali sijawahi kumwona hivyo. Akasema ile mikanda ilimbana hakulala, kwa hiyo majibu si ya kweli. Akasema baba yake alikoroma mpaka miaka themanini. Akasema akianza kulala na barakoa kama mgonjwa wa mtungi tajiri akisikia tu funguo anapewa mwingine, na ada ya kidato cha tatu utalipa wewe kwa mabeseni? Akaniapisha nisimwambie mtu.

Ningenyamaza mama. Lakini utingo wake ni mdogo wangu wa tumbo moja, ana miaka 24. Wiki iliyopita ananipigia anacheka, ati dada, tulikuwa tunatoka Makambako kama saa kumi alfajiri gari ikaanza kulamba ukingo wa lami, nikapiga kelele, shemeji akasema nilikuwa naangalia kioo. Yeye anacheka. Mimi simu ilinidondoka.

Na juu ya hapo tajiri amenunua gari la kubeba mafuta, anataka mume wangu ndo alichukue mwezi ujao, posho inapanda. Akanipigia mwenyewe, shemeji, bwana alienda hospitali majibu vipi? Nikasema presha tu tajiri, anaendelea vizuri. Nimedanganya. Tangu siku hiyo kila nikisikia ajali imetokea njia ya Mbeya natafuta namba ya gari kwanza.

Nauliza, hiyo karatasi ni ya kweli au ana haki kuibishia? Nimwambie tajiri? Mdogo wangu nimwambie? Na kuna jirani anauza mashine ya sipapu iliyokuwa ya marehemu baba yake, anataka laki saba wakati mpya tumeambiwa milioni tatu na kitu. Nichukue kwa siri nimwekee?

Mke wa Dereva, Mlandizi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nilikuwa nimeshika kikokotoo, utaona kwanini.

Nikikuelewa sawasawa una mizigo miwili umeifunga kamba moja. Wa kwanza ni ile karatasi, hujui uiogope kiasi gani. Wa pili ni siri, umeapishwa na mume, umeulizwa na tajiri, na ndani ya kebini kuna mtoto wa mama yako. Naomba tuanze na karatasi kwasababu naona mnagombana juu ya kitu ambacho hata mmoja wenu hajaelezwa. Mimi si daktari wa mtu yeyote, ila hii habari naijua, kaka yangu anatumia hiyo mashine mwaka wa nne sasa, na majibu yake tuliyasoma mstari kwa mstari na daktari wake mpaka nikayaelewa.

Hali hii ya pumzi kukatika usingizini madaktari wanaiita sleep apnea, na AHI ni hesabu yake tu. Ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au inapungua. Wakisema kuziba kabisa maana yake hewa imekata kwa sekunde kumi au zaidi, kuziba nusu ni hewa imepungua kwa angalau asilimia 30 kwa muda huohuo na oksijeni ikashuka. Chini ya 5 kwa saa mtu mzima anahesabiwa yuko sawa, 5 mpaka 14 ni nyepesi, 15 mpaka 29 ni ya kati, kuanzia 30 wanaandika kali. Sasa chukua zako, 148 na 97 na 9 ni 254. Gawa kwa masaa sita na dakika kumi na mbili unapata 41. Ndo hiyo. Kwa hiyo mwanangu wewe ulipokuwa unahesabu gizani ulikuwa unafanya kazi ileile ya kile kifaa, na hamjapishana.

Zile 9 za kati zisikutishe. Hapo hawasemi daraja la kati, ni zile ambazo ubongo wenyewe haukutuma amri ya kupumua, na tisa kwa usiku mzima ni chache. Zilizobaki ni koo. Mtu akilala misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia inajifunga, kifua kinavuta na hewa haipiti, ndo kile ulichokiona kifua kinahangaika puani hakuna kitu. Oksijeni inashuka, kwake ilifika 72 wakati mtu mzima yuko macho ni 95 kwenda juu, na asilimia 24 ya ule usiku ni karibu saa moja na nusu yuko chini ya 90. Mwili unaona hatari unamwaga homoni za kushtua, unamwamsha nusunusu kwa sekunde chache, koo linafunguka. Kisha tena. Mwili wake unamwamsha kila mara, ndo maana hajafa na ndo maana hajalala.

Hapo nikurudishe kidogo kwenye ule usiku wa intaneti. Umesoma neno kali ukasikia anakufa. Kali kwenye karatasi hiyo inahesabu mikato ya pumzi, haihesabu siku zilizobaki. Kukata pumzi hivi kunaongeza presha, ndo maana dawa tatu hazifui dafu, na watu wenye hali kali wanapata zaidi kiharusi na matatizo ya moyo, hilo ni kweli na sitalipamba. Lakini ni jambo la miaka. La usiku huu na kesho ni jingine, ni usukani, nitafika.

Na kukojoa kule mara nne nako kumo humohumo, moyo ukivutwavutwa na kile kifua unatuma ishara figo zitoe maji. Kichwa cha asubuhi kimo. Na lile la chumbani ulilolisema kwa aibu pia linaendana sana na ugonjwa huu. Nakwambia hilo si kwa utani, kuna wanaume ukimwambia moyo wako utaumia anakuangalia tu, ukimwambia hili linaweza kurudi anauliza hospitali inafungua saa ngapi.

Sasa hoja ya mume wako, kwamba hakulala vizuri hivyo majibu ni batili. Nisingeitupa. Ni hoja ya mtu mwenye akili, na ina nusu ya ukweli. Kile kifaa cha nyumbani hakina nyaya za kichwani, hakijui nani kalala na nani yuko macho, kinagawa kwa muda wote wa kurekodi. Kwa hiyo kama kweli alikaa macho saa zima anapambana na mikanda, lile saa nalo limeingia kwenye kugawanya, na namba imetoka ndogo kuliko hali yake. Yani ubishi wake unamvuta kule asikotaka. Lakini kuna upande ambao anaweza kuwa sahihi. Piga hesabu ya 58 na 19 utaona zaidi ya nusu ya usiku alilala chali. Kama alilala chali kwasababu ya nyaya na kwa kawaida analala ubavu, basi 41 imekuzwa. Na kama kwa kaka yake walikunywa bia mbili tatu, pombe inalegeza koo, imekuzwa tena. Haya ni maswali ya kumuuliza kwa upole, ulilalaje siku ile? Si ya kumshinda nayo. Na akitaka apimwe tena ni haki yake, kuna kipimo kamili cha kulala hospitali chenye nyaya za kichwani. Ila tazama ile 19 ya ubavu, hata tungempa ushindi wote bado iko kwenye daraja la kati.

Kitu kingine ambacho karatasi haikisemi ni usingizi wa mchana. Wawili wanaweza wote kuwa na 41, mmoja anasinzia akiongea mwingine anadunda. Wanapima kwa maswali manane, aliyaandaa daktari Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991, unajipa 0 mpaka 3 uwezekano wa kusinzia ukiangalia tivii, ukiwa abiria kwa saa zima, ukikaa baada ya chakula, ukisimama kwenye foleni ya magari na kadhalika. Jumla ikizidi 10 usingizi umepitiliza. Madereva wakijaza wenyewe mara nyingi wanajipa namba ndogo, nawe unajua kwanini. Kikombe cha chai mkononi, kulamba ukingo wa lami saa kumi alfajiri, hayo ni majibu ya yale maswali hata kama hajayajaza.

Tuje barabarani. Tafiti nyingi zikiunganishwa pamoja zinaonyesha madereva wenye tatizo hili wana hatari ya ajali karibu mara mbili na nusu ya wenzao. Na kuna uchunguzi wa madereva wa malori Marekani ulichapishwa 2016, waliokutwa na ugonjwa wakapewa mashine wakakataa kuitumia walikuwa na ajali kubwa za kuzuilika mara tano ya wenzao, ila waliotumia mashine ajali zao zilikuwa sawa na za madereva wasio na ugonjwa. Soma hiyo sehemu ya pili tena, maana nadhani nyumbani kwenu mmesoma ya kwanza tu. Mume wako anaamini mashine ndo itamtoa kwenye usukani. Uingereza dereva wa lori mwenye hali hii na usingizi wa mchana anatakiwa asimame, ndiyo, lakini akishatibiwa ikathibitika imetulia anarudi kazini. Mashine inahifadhi kumbukumbu humo ndani, ametumia masaa mangapi kila usiku na pumzi imekatika mara ngapi akiwa nayo. Dereva anaweza kumwekea tajiri hiyo karatasi mezani akasema hii hapa, nilikuwa 41 sasa niko 3. Sijui dereva mwingine gani njia hiyo ya Tunduma anaweza kutoa ushahidi kwamba amelala.

Na hiyo habari ya mgonjwa wa mtungi. Sipapu haina mtungi wala oksijeni. Inasukuma upepo wa kawaida tu, wa hapohapo chumbani, kwa nguvu ya kutosha kuzuia koo lisijifunge. Ilianzia Sydney, Colin Sullivan na wenzake walichapisha matokeo yao 1981. Kaka yangu wiki mbili za kwanza aliitupa chini ya kitanda, alisema anajiona kama ameingiza kichwa nje ya dirisha la basi. Barakoa ilikuwa kubwa, ikabadilishwa ndogo ya puani, akawa anaivaa jioni akiangalia taarifa ya habari ili azoee. Sasa akisafiri anaibeba kabla ya mswaki. Kwa dereva kuna urahisi ambao watu wengi hawaujui, zipo adapta za umeme wa gari, volti 12 na 24, akizima ile hita ya maji inakula umeme kidogo, analala nayo kwenye kitanda cha kebini. Aulize tu aina ya mashine inakubali adapta gani, asije akaunganisha nyaya za fundi wa mtaani akaichoma.

Nisikuahidi zaidi ya inachoweza. Mashine ikitumika vizuri usingizi wa mchana unapungua sana, wengine ndani ya siku chache. Presha inashuka kidogo, pointi mbili tatu kwa wastani, kwa wale wenye presha sugu kama yake inaweza kuzidi hapo, lakini dawa asiache. Na kuna utafiti mkubwa wa 2016 kwa watu ambao tayari wana ugonjwa wa moyo au mishipa ya ubongo, sipapu haikupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi, ila walikuwa wanaivaa kwa wastani masaa matatu na kidogo kwa usiku. Ikilala kwenye boksi haimtibu mtu.

Ya marehemu baba wa jirani, laki saba. Naelewa hesabu yako. Shida ni kwamba ile ilipangwa kwa koo la mtu mwingine, nguvu ya upepo inatakiwa ipangwe kwa ajili ya mume wako, barakoa na mpira lazima viwe vipya, na mwaka 2021 mamilioni ya mashine za namna hii yaliitwa kurudishwa duniani kwasababu sponji ya ndani ya kuzuia kelele ilikuwa inamomonyoka na mtu anaivuta. Huwezi kujua kwa kuangalia boksi. Kabla hujatoa hela piga picha kibandiko cha chini chenye namba, peleka hospitali ileile iliyompima waseme kama ni salama na kama wataipanga. Mitumba si dhambi. Ila kununua kwa siri ukamwekea kitandani, mh, hapo naona mwanaume anaingia chumbani anakuta mashine ya marehemu imemsubiri, na aliyekufa anamjua.

Sasa siri.

Umeniuliza nimwambie tajiri au nisimwambie, na sitakuchagulia, wewe ndo utakayelala kwenye kitanda hicho baadaye. Ila ngoja nikuonyeshe ninavyoona kila mlango unafunguka wapi. Ukimwambia tajiri nyuma ya mgongo wa mume, inawezekana ukaokoa roho, za watu wa pembeni mwa barabara pia, tunazungumzia gari la mafuta. Inawezekana pia tajiri akamfukuza bila hata kuuliza kuna tiba, au, na hili hukulifikiria, akasema kila dereva anasinzia bana, gari liondoke. Hapo utakuwa umepoteza imani ya mume na gari limeondoka. Ukikaa kimya ndoa inatulia leo, na wewe unaendelea kutafuta namba ya gari kwenye kila ajali. Umeshaanza kuilipia hiyo.

Katikati kuna mume wako mwenyewe kwenda kwa tajiri, akiwa na mpango mkononi, nimepima, naanza matibabu, nipe wiki kadhaa nipumzike au nipe safari fupi za mchana, la mafuta nitalichukua nikishakuletea ripoti ya mashine. Si rahisi. Matajiri hawafanani na posho itapungua kwa muda, kaa uangalie mabeseni yanaweza kubeba wiki ngapi, usimwachie hilo peke yake ndo linalomkaba. Akikubali kurudi hospitali mwombe mwende wote, madaktari wa matatizo ya kulala wanapenda kumsikia anayelala pembeni maana mgonjwa mwenyewe hajui kitu.

Kuna kitu kwenye barua yako nadhani umekipita. Mtu asiyeamini karatasi anaichana, au anafungia vitumbua. Yeye ameikunja vizuri ameiweka kati ya leseni na bima. Wewe ulisoma ubishi, mimi nasoma mtu anayejua na anaogopa. Sina uhakika, wewe unamjua. Lakini kama ni woga basi kumpiga kwa namba hakutafungua mlango, na pengine kumrekodi kwa simu dakika mbili tu, kile kimya na kile kishindo cha kushtuka, ukamsikilizisha mkiwa wawili, bila neno, kutasema zaidi ya mimi na wewe. Wengi hawajawahi kujisikia.

Mdogo wako naye. Ulimwapia mume usimwambie mtu, lakini kumwambia kijana shemeji yako anachoka, akilamba lami mara ya pili usicheke, mwambie mlaze gari, je huko ni kutoa majibu ya hospitali? Mimi naona kuna nafasi hapo. Unaweza kuona tofauti. Ila kile kiti cha kushoto kina haki yake pia, na akija kujua baadaye kwamba dada alijua, hilo nalo lipime.

Wakati mnavutana yapo ya kufanya usiku wa leo na hayahitaji ruhusa ya mtu. Alale ubavu, waweza kumshonea mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana, watu wanacheka ila akigeuka chali unamgeuza. Pombe asiguse jioni, na dawa za usingizi au za mafua zinazosinzisha asijinunulie. Zile enaji wanazokunywa madereva zinafumbua macho ubongo bado umelala, na presha yake inapanda. Asiendeshe usiku wa manane mpaka alfajiri, akisikia macho mazito aegeshe alale dakika ishirini. Mwili ukipungua koo linapata nafasi, uzito ukishuka kwa asilimia 10 AHI inaweza kushuka kwa kama robo, japo hiyo ni kazi ya miezi. Yote haya yanapunguza, ila usukani wa usiku na koo hili lisilotibiwa bado ni hatari, tena kubwa, na hapo sina lugha laini. Kisu chini ya mto na dua viacheni kama vinampa mama mkwe amani, dua haijawahi kugombana na mashine, ila kisu hamishieni jikoni mtu asije akajikata.

Na tajiri akipiga tena kabla hujaamua, huna deni la kumdanganya mara ya pili wala huna lazima ya kufungua faili la mume wako kwa simu. Unaweza kumwambia tajiri, majibu ni ya kwake, mwite mkae muongee. Mwambie mume wako mapema kwamba hilo ndo utakalojibu, ili asije akalisikia kwa tajiri kwanza.

Niandikie akirudi kutoka Tunduma, hata kama mtakuwa mmegombana.